Mguu Unaocheza: Historia Fupi ya Kiatu na Pedali

Kitenzi *kucheza* kina maana mbili ambazo, kwa mtazamo wa juujuu, hazina udugu. Ya kwanza ni ya ngoma: mwili kuifuata mizani ya sauti. Ya pili ni ya karakana. Fundi wa baiskeli akilishika gurudumu, akalitikisa kushoto na kulia, kisha akatamka neno moja tu, "linacheza", mwenye baiskeli huingiwa na wasiwasi. Hapo kucheza ni ubovu. Gololi zimekwisha au nati imelegea, na dawa yake ni kukaza. Usukani ukicheza utamwangusha mpandaji. Krenki ikicheza italika mpaka ing'oke. Kanuni ya fundi ni kwamba kiungo kizuri hukaa imara mahali pake na huzunguka kama kilivyoagizwa kuzunguka, wala hakina hiari ya ziada.

Hata hivyo, pana mahali ambapo kanuni hii ilikuja kupinduliwa, nako ni pale unyayo wa mwanadamu unapokutana na pedali. Kwa muda mrefu waundaji wa baiskeli waliutendea mguu kama sehemu nyingine ya mashine, wakaufunga, wakaukaza, wakaupigia misumari. Baadaye ndipo walipokubali kwamba mguu uliokazwa barabara huharibu kiungo kilicho juu yake, yaani goti, na kwamba kifungo bora ni kile kinachoshika huku kikiacha nafasi ya kucheza. Habari ya kifungo hicho inaonekana kuwa ndogo, nayo inahusu kipande cha plastiki au chuma kisichozidi kiganja cha mtoto. Lakini ndani yake limo swali la zamani: mwili uutumikie mtambo kwa kiasi gani, na mtambo uusikilize mwili kwa kiasi gani?

Nyamongo ni mahali panapofaa kuanzia habari hii, ijapokuwa jina lake halimo katika vitabu vya mbio za baiskeli. Ni eneo la vijiji vya Wakurya katika Wilaya ya Tarime, mkoani Mara, kando ya Mto Mara, na ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti. Ulimwengu hulijua kwa dhahabu. Wachimbaji wadogo walikuwapo kabla, kisha mgodi mkubwa wa North Mara ukaanza uzalishaji mwaka 2002, na tangu hapo Nyamongo imetajwa magazetini kwa ugomvi wa ardhi, wa maji na wa mawe yenye dhahabu. Lakini kabla ya malori ya mgodi, na hata baada yake, mzigo wa mwananchi wa kawaida ulipandishwa milima ya Tarime kwa baiskeli: gunia la mahindi, mikungu ya ndizi, mkaa, madumu ya maji. Pikipiki zimekuja kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, ila baiskeli haijaondoka.

Baiskeli ya huko ni ile ile iliyoenea Afrika Mashariki nzima katika karne ya 20. Kwanza ilikuwa Raleigh ya Nottingham na wenziwe wa Kiingereza. Kisha zikaja Phoenix ya Shanghai na Hero ya India, zilizofuata umbo lile lile: fremu ndefu ya chuma, kiti kipana, keria ya nyuma inayostahimili uzito unaoweza kumzidi mpandaji. Pedali yake ni bapa, ina vipande viwili vya mpira, na haina kifungo cha aina yoyote. Mpandaji huikanyaga kwa ndala, kwa katambuga za tairi, au peku.

Mguu wa mpandaji huyo uko huru kabisa, na uhuru wake hauendi bure. Anapopanda kilima hukanyaga kwa kidundu, yaani ule mto wa nyama ulio nyuma ya vidole. Akichoka husogeza unyayo mbele, akakanyaga kwa katikati, hata kwa kisigino. Goti likimlalamikia upande wa ndani, huvigeuza vidole nje kidogo. Likimlalamikia upande wa nje, huvirudisha. Hafanyi hivyo kwa elimu ya mifupa. Mwili wenyewe hujitafutia nafuu, kama mtu aliyelala ajigeuzavyo bila ya kuamka. Ama hasara ya uhuru huo anaijua pia. Mvua ikinyesha mpira huteleza, unyayo huchomoka, na pedali huzunguka ikampiga ugokoni. Kovu la ugokoni ni hati ya kila aliyejifunza baiskeli ya namna hiyo, awe Tarime au Makunduchi.

Katika eneo hilo hilo la Wakurya upo ushahidi mwingine kuhusu mguu na kifungo chake, nao unatoka ngomani. Wakurya wana litungu, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito, na wachezaji wake huvaa viatu vya mti vyenye nyayo nene zinazomwinua mtu kutoka ardhini. Unyayo wa kiatu hicho haupindiki. Mti umeunyima mguu jambo moja, yaani kujikunja kwa vidole, lakini kifundo, goti na kiuno vimebaki na uhuru wao, na ndimo ngoma inamokaa. Anayetazama huona kwamba ugumu wa chini haukuondoa uchezaji wa juu. Umeutegemeza.

Watu wa pwani na visiwani nao wanacho kiatu chao cha mti, mtalawanda, cha kuendea chooni na kutawadhia. Mtalawanda hauna ukanda wala kamba. Unashikwa na msuruaki, kijiti kilichosimama kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Anayeutazama kwa jicho la fundi ataona kwamba msuruaki ni mhimili: vidole vimeukamata, lakini kisigino kiko huru kwenda kushoto na kulia kwa kadiri ya mwendo. Kushika mbele na kuachia nyuma ni kanuni iliyokuja kuhesabika kuwa ugunduzi katika viwanda vya Ulaya mwishoni mwa karne ya 20. Haidaiwi hapa kwamba wahandisi waliuiga mtalawanda. Inasemwa tu kwamba mguu ni ule ule, na waliousikiliza walifikia jibu moja.

Wapanda farasi nao walikwisha kulikabili swali hili. Rikabu, ile pete ya kutilia mguu, ilimpa mpanda farasi mahali pa kusimama. Na wanahistoria wa Kiarabu humtaja al-Muhallab bin Abi Sufra, wa kabila la Azd lenye asili ya Omani, kuwa ndiye aliyeamuru rikabu za chuma badala ya zile za mti zilizokuwa zikivunjika vitani katika karne ya 7. Lakini hata ilipokuwa ya chuma, rikabu ilibaki wazi. Inaubeba mguu bila ya kuufunga. Sababu yake ilijulikana na kila aliyewahi kumwona mtu akiburutwa na farasi: kifungo kisichoachia wakati wa kuanguka ni hatari kuliko kukosa kifungo.

Baiskeli ilianza bila ya pedali. Mashine ya Mjerumani Karl von Drais ya mwaka 1817 ilikuwa na magurudumu mawili na ubao wa kukalia, na mpandaji aliisukuma kwa kupiga miguu chini. Anayetaka kuiona hali ya namna hiyo ikiwa hai na aende Goma, mashariki ya Kongo, ambako chukudu za mbao bado hubeba viazi, makaa na mbao. Mwenye chukudu huweka goti moja juu ya kipande cha mpira, mara nyingi kilichokatwa katika ndala kuukuu, na mguu wa pili hupiga ardhi. Aliyekigongomelea kipande hicho alijua goti linadai nini.

Pedali zilikuja Ufaransa katika miaka ya 1860, zikiwa zimetiwa katika gurudumu la mbele. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akaitoa Rover, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi ya upepo. Hapo baiskeli ikawa ilivyo hadi leo, na mbio zikaanza kwa shauku kubwa. Mbio ndizo zilizoleta haja ya kuufunga mguu. Anayekanyaga taratibu hahitaji kifungo. Anayezungusha pedali mara 90 kwa dakika, tena akisimama na kuyumba kilimani, huona mguu ukimtoroka.

Jawabu la kwanza lilikuwa kikapu cha chuma cha kuingizia vidole, pamoja na ukanda wa ngozi wa kukazia. Jawabu la pili likaongezwa juu ya la kwanza, nalo ni kipande chenye mfuo kilichopigiliwa misumari chini ya kiatu cha ngozi, ili mfuo uingie katika ukingo wa pedali. Kipande hicho ndicho babu wa kliti za leo. Mpandaji mwenye busara hakukipigilia siku ile ile aliyonunua kiatu. Alipanda kwanza siku kadhaa kwa kiatu kitupu mpaka pedali ikaacha alama kwenye ngozi, kisha fundi akaifuata alama ile. Maana yake ni kwamba mguu uliulizwa mara moja, ukajibu, na jibu lake likapigiliwa misumari. Tangu hapo haukuulizwa tena. Ukanda ukikazwa, kisigino hakikuwa na pa kwenda, na msumari uliokosea kidogo ulibaki na kosa lake maelfu ya maelfu ya mizunguko.

Hesabu ya mizunguko hiyo inafaa kuandikwa wazi, kwani ndiyo kiini cha madhara. Mizunguko 90 kwa dakika ni 5,400 kwa saa. Safari ya saa tano ni mizunguko 27,000 kwa kila mguu. Goti si bawaba ya mlango inayokunjuka upande mmoja tu. Likikunjwa na kunyooshwa, mfupa wa muundi hujizungusha kidogo juu ya mhimili wake, na kisigino hutaka kuufuata mzunguko huo. Kikizuiwa, msokoto usiopata njia chini hupanda juu ukatafuta njia katika kano na gegedu za goti. Mara moja si kitu. Lakini wahenga walinena: bandu bandu, huisha gogo.

Historia ya mbio ina mfano mashuhuri wa jinsi goti linavyoweza kumshusha bingwa. Mfaransa Bernard Hinault, aliyekwisha kushinda Tour de France mwaka 1978 na 1979, aliyaacha mashindano ya mwaka 1980 mjini Pau akiwa bado anaongoza, kwa maumivu ya goti. Mwaka 1983 hakushiriki kabisa kwa sababu ya maumivu ya goti. Maumivu ya namna hiyo huwa na vyanzo vingi: baridi, mvua, urefu wa kiti, uzito wa gia, pamoja na namna mguu ulivyokaa, wala si haki kumtupia lawama msumari peke yake. Lakini Hinault ndiye aliyekuja kuipa dunia sura ya kiatu kipya.

Kabla ya kufika kwake, yapasa kumtaja mtu aliyetangulia mno. Mwaka 1895 Mmarekani Charles Hanson alibuni pedali isiyo na kikapu wala ukanda. Kiatu kilijifunga kwa kugeuzwa na kufunguka kwa kugeuzwa, na kikiwa kimefungwa kiliachiwa nafasi ndogo ya kuzunguka ili viungo visiteseke. Yaani jibu kamili lilikuwapo tangu wakati ule Mzizima ilipokuwa bado inajengwa kuwa mji wa Wajerumani. Soko halikulitaka. Mwaka 1971 Cinelli wa Italia walitoa pedali iliyokishika kiatu barabara, lakini ili kujinasua ilimpasa mpandaji ainame na kuvuta kijiti kwa mkono. Wapandaji waliipa jina la mauti, na hawakukosea. Lile somo la rikabu lilikuwa limesahauliwa.

Ukombozi ukatoka thelujini. Kampuni ya Look ya Nevers, Ufaransa, ilijulikana kwa vifungo vya ski, zile mbao za kutelezea kwenye theluji. Huko tatizo lilikuwa la kuvunjika mifupa: kifungo kisichoachia kilimvunja mtelezaji mguu kila alipoanguka, na Jean Beyl alijipatia jina kwa kubuni vifungo vya Look vyenye kuachia nguvu inapozidi. Mwaka 1984 Look wakaihamishia fikra hiyo kwenye baiskeli. Kliti ya plastiki yenye umbo la pembetatu ilifungwa chini ya kiatu kwa skrubu tatu. Mpandaji aliikanyaga pedali ikashika kwa springi, na alipotaka kutoka alikizungusha kisigino nje, ikaachia. Mwaka 1985 Hinault aliivaa na kuipata Tour yake ya tano. Baada ya hapo vikapu na mikanda vilianza kuondoka katika mbio za barabarani.

Hata hivyo, kliti ile ya mwanzo ilitatua nusu ya tatizo. Iliachia wakati wa kuanguka, lakini wakati wa kukanyaga iliukaza mguu kama msumari wa zamani. Pengine iliukaza zaidi, kwa kuwa ukanda wa ngozi hulegea kadiri ya safari na plastiki hailegei. Wapandaji walioihamia wakitumaini nafuu waliona maumivu mapya. Hapo Beyl akarudi. Mwaka 1987 kampuni mpya aliyoshiriki kuianzisha, Time, ilitoa pedali iliyomruhusu mpandaji kukizungusha kisigino kwa nyuzi kadhaa na kukisogeza pembeni kidogo kabla ya kliti kuachia. Msuruaki ulikuwa umerudi, umevaa chuma. Look nao hawakukawia kutoa kliti ya pili yenye kucheza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani walitia vipimo ndani ya pedali ili kujua kama nafuu hiyo ni ya kweli au ni ya kudhaniwa. Waliona kwamba mguu unapoachiwa nafasi ya kuzunguka, msokoto unaopita kati ya kiatu na pedali hupungua, na mzigo wa kusokota unaolifikia goti hupungua pia. Hofu ya makocha kwamba mguu unaocheza hupoteza nguvu haikupata ushahidi wa maana. Nguvu inayolisukuma gurudumu ni ile inayoshuka chini, na kisigino kinachoyumba nyuzi mbili tatu hakiipunguzi.

Pamoja na hayo, kliti iliyokazwa haikufa, na si haki kuieleza kana kwamba ni ujinga uliopitwa. Wakimbiaji wa mbio fupi za uwanjani, wanaoanza kutoka kusimama na kuzikanyaga pedali kwa nguvu zote za mwili, bado huikaza miguu yao, na wengi huongeza ukanda juu ya kliti. Wapandaji wa keirin wa Japani wanatumia vikapu na mikanda hadi leo kwa mujibu wa kanuni za mchezo wao. Kwao mguu kuchomoka kwa kasi kubwa ni hatari iliyo karibu kuliko goti kuchakaa. Tena mbio zao ni za dakika chache, si za saa tano. Wapo pia wenye miguu iliyotulia, wasiojisikia salama juu ya kliti inayoteleza, ambao baada ya kupimwa kwa uangalifu hupata amani katika kliti isiyocheza. Neno lenyewe ni hilo: *baada ya kupimwa*. Kliti iliyokazwa haisamehe kosa la aliyeifunga. Kliti inayocheza husamehe kiasi.

Tofauti hiyo ya msamaha ndiyo inayoirudisha habari Afrika Mashariki. Ulaya mpandaji wa mashindano hupimwa na mtaalamu, hununuliwa viatu vya kiasi chake, na kliti zikichakaa hubadilishiwa. Huku, vijana wengi waliofikia mashindano walianza kwa vifaa vya kupewa au vya mitumba. David Kinjah, aliyewafunza vijana karibu na Kikuyu, nje ya Nairobi, aliijenga klabu yake ya Safari Simbaz kwa kukarabati na kugawana vifaa. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1985, aliyeshinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Mwanza ilikuwa na mashindano yake makubwa katika miaka ya 2000. Tangu 2021 wapandaji wa Afrika Mashariki na wageni wamekuwa wakishindana katika vumbi la Maasai Mara nchini Kenya, katika bonde la mto ule ule unaoshuka Serengeti na kupita Nyamongo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, ikiwa ni mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika.

Kijana wa Tarime aliyeyatazama mashindano ya Kigali, kisha akapata kiatu cha mbio cha mitumba chenye kliti bado imefungwa chini, anarithi uamuzi wa mtu asiyemjua. Kliti ile iliwekwa kwa pembe ya mguu wa mwingine. Asipojua lugha ya rangi anaweza kudanganyika vibaya, kwani viwanda havikupatana. Katika kliti za Look za leo nyeusi haichezi kabisa, ya kijivu hucheza nyuzi 4.5, na nyekundu hucheza nyuzi 9. Katika kliti za barabarani za Shimano nyekundu ndiyo isiyocheza, ya buluu hucheza nyuzi 2, na ya njano nyuzi 6. Basi anayeambiwa na rafiki "chukua nyekundu" huenda akapata uhuru mkubwa kuliko wote au akakosa uhuru wote, kwa kutegemea jina lililochorwa kwenye plastiki. Isitoshe, matundu matatu ya kiatu hupokea kliti za viwanda vyote viwili, lakini pedali ya huyu haiikubali kliti ya yule.

Kwa barabara za changarawe kama za Nyamongo lipo jambo jingine la kuzingatia. Kliti kubwa ya plastiki hutokeza chini ya kiatu, hujaa udongo, na mwenye kuivaa hutembea kama bata. Shimano walipotoa mfumo wao wa SPD mwaka 1990 waliwafikiria wapandaji wa milimani: kliti ndogo ya chuma yenye skrubu mbili, iliyofichwa ndani ya soli, inayocheza nyuzi chache na kumruhusu mtu kushuka na kusukuma baiskeli kilima kinapomshinda. Katika nchi ambayo kusukuma baiskeli ni nusu ya kuipanda, hiyo si faida ndogo.

Uzoefu wa mafundi wa mambo haya umejikusanya katika maagizo machache, nayo hayahitaji mashine ya kupimia. Mpandaji akae juu ya meza, miguu ining'inie bila ya kukaza msuli, aangalie kila unyayo unaelekea wapi. Mara nyingi wa kushoto na wa kulia haufanani. Kliti ifungwe kwa kuufuata mwelekeo huo, kidundu kikiwa juu ya ekseli ya pedali au mbele yake kidogo. Aanze na kliti inayocheza kwa kiasi, na aiweke hivi kwamba unyayo wake wa kawaida uangukie *katikati* ya nafasi ya kucheza. Kwani kisigino kilichofika mwisho wa nafasi hiyo kimekazwa sawasawa na kilichopigiliwa msumari. Akibadili, abadili kidogo kidogo, na aache safari mbili tatu zipite kabla ya kubadili tena. Goti likituma salamu, asingoje itume barua.

Hapa fundi aliyeachwa mwanzoni anastahili kurudishiwa heshima yake, maana kanuni yake haikuwa ya uongo. Kliti inapochakaa huanza kucheza kwa namna nyingine: huinuka na kushuka ndani ya pedali, hugonga, na siku moja huachia pasipo kuombwa, katikati ya mteremko. Uchezaji huo ni ubovu, na dawa yake ni kuitupa kliti na kufunga mpya. Uchezaji mwingine ni ule uliokusudiwa, wenye mwanzo na mwisho, unaokirudisha kisigino mahali pake kila mzunguko. Kwa macho wawili hao hufanana. Mkono uliozoea huwatenganisha kwa kuitikisa pedali mara moja. Uchezaji wa ubovu hauna mpaka unaojulikana. Ule wa afya una mpaka, na ndani ya mpaka huo una hiari.

Kwa hiyo maana mbili za *kucheza* zilizoonekana kutofautiana ni ndugu hata hivyo. Mchezaji wa litungu hachezi kwa kuwa amelegea. Anacheza kwa kuwa kiatu cha mti kimempa sakafu, ngoma imempa mipaka, na baina ya hivyo viwili goti lake limeachiwa kazi yake. Hanson aliyaona hayo mwaka 1895, na waundaji wenziwe wakahitaji zaidi ya miaka 90 na magoti mengi kuyaona tena. Mbeba mkaa wa Tarime, kwa katambuga zake juu ya pedali bapa, hakuyasahau hata siku moja.